Masafa Hayagawiwi kwa Huruma

Oktoba 2027 wajumbe kutoka kila pembe ya dunia watakutana Shanghai, China, kwa takriban wiki nne, kuandika upya sehemu za mkataba ambao wananchi wengi hawajawahi kuusikia, ingawa hawamalizi saa moja bila kuutumia. Mkataba huo ni Kanuni za Redio. Ndio unaosema simu zikae kwenye bendi gani, rada za viwanja vya ndege zikae wapi, televisheni, satelaiti, meli na redio za polisi zipewe nafasi ipi, na nani ampishe nani pale wawili wanapogongana. Chombo chenye mamlaka ya kuurekebisha ni kimoja tu: Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio, ambao walio kwenye fani huuita WRC. Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, huuitisha kila baada ya miaka mitatu hadi minne. Wa mwisho ulifanyika Dubai mwishoni mwa 2023 na kukusanya watu takriban 3,900 kutoka nchi 163.

Kwetu habari za mkutano kama huo hufika zikiwa picha: waziri anapeana mkono na mwenyeji, bendera ziko nyuma yao, na chini pameandikwa kwamba Afrika imezungumza kwa sauti moja. Sina ugomvi na picha. Ugomvi wangu ni na maelezo yake, maana hayasemi sauti hiyo ilitamka nini, maneno yake yaliandikwa na nani, na takwimu zilizoyabeba zilitoka wapi. Nimefuatilia mambo haya kwa muda wa kutosha kuamini kwamba nguvu ya pendekezo la pamoja la kanda haitokani na wingi wa nchi zilizolitia sahihi. Inatokana na kazi iliyofanyika nyumbani miaka miwili mitatu kabla ya ndege kupaa. Historia ya bara letu kwenye mikutano hii, ukiisoma bila ushabiki, inasema hivyohivyo kila mara.

Pendekezo lina sura yake

Tuanze na karatasi yenyewe. Pendekezo linalopelekwa WRC si hotuba wala si tamko. Juu lina namba ya ajenda na jina la nchi au kundi linaloliwasilisha. Zinafuata aya chache za utangulizi, kisha maandishi ya Kanuni za Redio kifungu kwa kifungu, na kila kifungu kina alama ubavuni. ADD ni kifungu kipya kinachoongezwa. MOD ni kinachobadilishwa. SUP ni kinachofutwa. NOC ni kile ambacho mwenye pendekezo anataka kibaki kama kilivyo, kisiguswe hata nukta. Chini ya kila kifungu panaandikwa sababu, kwa kawaida sentensi mbili tatu. Basi. Ukiwa na jambo zito moyoni na huwezi kuliandika chini ya mojawapo ya alama hizo nne, huna pendekezo bado, una malalamiko.

Karatasi hiyo ikiingia mkutanoni haipigiwi kura. Kila nchi ina kura moja, kweli, lakini kwenye WRC kura ni silaha inayobaki kabatini. Mambo huamuliwa kwa maafikiano. Pendekezo hushushwa kwenye vikundi vidogo vya uandishi, na maneno yanayobishaniwa hufungiwa ndani ya mabano ya mraba. Kazi nzima ya wiki tatu za mwanzo ni kuyaondoa mabano hayo moja baada ya jingine. Maandishi yakikomaa hupanda kwenye kamati, kisha kwenye kikao cha wote, ambako husomwa mara ya kwanza katika waraka wa bluu na mara ya pili katika waraka wa waridi. Yakishapita kwenye waridi, yamepita. Wiki ya mwisho vikao hukesha, na ndipo vifungu vingi vya ajabu huzaliwa, saa nane za usiku, kwa sababu aliyekuwa akivipinga amekwenda kulala au amesharudi kwao.

Hapo ndipo pendekezo la pamoja linapokuwa na maana ya kiutendaji kabla hata ya maana ya kisiasa. Nchi kubwa huleta ujumbe wa watu zaidi ya mia. Nchi nyingi za kwetu huleta wachache, na vikao vinavyokwenda kwa wakati mmoja ni vingi kuliko viti wanavyoweza kukalia. Bara likiwa na maandishi ya pamoja na mratibu mmoja kwa kila ajenda, Burundi haina haja ya kuwa na mtu katika kila chumba. Inatosha kwamba mratibu aliyeko chumbani anabeba pia kile Burundi ilichokubali.

Dunia ya masafa ina makundi sita ya namna hiyo: Ulaya, Amerika, Asia na Pasifiki, nchi za Kiarabu, Urusi na jirani zake, na Afrika. Kundi letu huratibiwa na Umoja wa Mawasiliano Afrika, ATU, wenye makao makuu Nairobi, uliozaliwa 1977 kwa jina la PATU na kupewa sura yake ya sasa mwaka 1999. Chini yake kuna jumuiya ndogo, na kwa upande wetu ni EACO, yenye ofisi Kigali, inayokutanisha mamlaka za mawasiliano za Afrika Mashariki.

Kila kundi lina kanuni yake ya kuhesabu. Ulaya, yenye wanachama zaidi ya 40, hulihesabu pendekezo kuwa la pamoja likiungwa mkono na nchi 10 tu, ilimradi wanaolipinga wasizidi 6. Kwa Amerika, nchi 6 zinatosha, ikiwa wapinzani hawazidi nusu ya idadi ya waungaji mkono. Zitazame namba hizo vizuri. Wenzetu hawasubiri kila mtu akubali ndipo waandike. Wanataka kundi dogo linalojua kwa nini linataka jambo, na wengine wasiwe na sababu nzito ya kulizuia. Afrika tunapenda maafikiano ya wote, na yana heshima yake, lakini mara nyingi bei yake ni maandishi yaliyopunguzwa makali hadi hayamkwazi yeyote wala hayamsaidii yeyote.

Somo la Bogotá

Tarehe 3 Desemba 1976, nchi nane za ukanda wa ikweta zilitia sahihi tamko katika mji mkuu wa Colombia. Kenya, Uganda na Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilikuwamo. Tamko lilidai kwamba njia ya satelaiti iliyo juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, ile ambayo satelaiti ikiwekwa huonekana kama imetulia mahali pamoja, ni sehemu ya maliasili ya nchi iliyo chini yake. Kwa hiyo anayetaka kuweka chombo juu ya Kenya aombe ruhusa Nairobi.

Dhuluma iliyokuwa ikilalamikiwa ilikuwa ya kweli. Nafasi za satelaiti zilikuwa zikichukuliwa kwa utaratibu wa aliyewahi ndiye mwenyewe, na waliowahi walikuwa walewale wenye roketi. Lakini tamko liligonga ukuta mara mbili. Ukuta wa kwanza ni mkataba wa anga za juu wa 1967, unaokataza nchi yoyote kujimilikisha sehemu ya anga hizo. Wa pili ni kwamba halikuwa na kifungu hata kimoja ambacho mhandisi angeweza kukiingiza kwenye Kanuni za Redio kikafanya kazi kesho yake. Dunia ililisikiliza, ikalibishia, ikalipita.

Sasa tazama kilichofuata. Katika mikutano ya ITU ya Geneva ya 1985 na 1988, nchi zinazoendelea zilirudi na dhuluma ileile, safari hii bila kudai umiliki wa anga. Zilidai mpango: kila nchi, iwe na satelaiti au isiwe nayo, itengewe angalau nafasi moja angani pamoja na masafa yake, na nafasi hiyo isichukuliwe na wengine hata ikikaa miaka mingi bila kutumika. Hilo lilikuwa na jedwali, lina vipimo vya nguvu ya mawimbi, lina utaratibu wa kumpisha mwenzio. Likapita. Leo liko ndani ya Kanuni kama Kiambatisho 30B, na humo Tanzania ina nafasi yake, Kenya ina yake, Burundi ina yake. Mtindo huohuo ulitumika karibuni zaidi. Mwaka 2019, kwenye WRC ya Sharm el-Sheikh, nchi ambazo nafasi zao za satelaiti za utangazaji zilikuwa zimedhoofishwa na jirani wa angani zilipewa kipaumbele cha kupata mpya, kupitia Azimio 559, na Dubai 2023 makumi ya nchi, nyingi zikiwa za Afrika, zikaingiziwa nafasi hizo kwenye mpango. Kati ya azimio na matokeo ilipita miaka minne ya kukokotoa na kupatana, bila makofi.

Malalamiko yalikuwa yaleyale 1976 na 1988. Kilichobadilika ni kwamba ya pili yalikuwa yameandikwa kwa namna ambayo mpinzani alilazimika kuyajibu kwa hesabu.

Bendi ya 700

Mfano ulio karibu zaidi na mfuko wa mwananchi ni wa 2012. Januari na Februari mwaka huo, WRC ilipokaa Geneva, Ulaya ilifika ikiwa imetulia. Ilikuwa imeshatenga bendi ya 790 hadi 862 MHz, iliyoachwa na televisheni ya analojia, kwa ajili ya intaneti ya simu, na ikaona jambo la bendi za chini kwa Kanda ya 1, yaani Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati, limemalizika kwa miaka kadhaa. Nchi za Afrika, zikishirikiana na za Kiarabu, zikaweka mezani pendekezo ambalo Ulaya haikulitarajia: simu zipewe pia 694 hadi 790 MHz, na zipewe sasa.

Sababu yetu ilikuwa ya nyumbani. Sehemu ya juu ya ile bendi ya kwanza, huku kwetu, ilikuwa na wakazi. Mitandao ya CDMA, ikiwemo iliyobeba zile simu za mezani zisizo na waya zilizouzwa sana Afrika Mashariki miaka ya 2000, ilikuwa imekaa kuanzia 824 MHz kwenda juu. Nchi iliyotaka kupeleka 4G vijijini haikuwa na pa kuiweka bila kuwahamisha watu. Na bendi za chini ndizo zenye maana vijijini, kwa kuwa mawimbi yake husafiri mbali na kupenya kuta vizuri. Mnara mmoja wa 700 MHz hufunika eneo ambalo kwa 2600 MHz lingehitaji minara kadhaa. Kwa kampuni inayopiga hesabu ya dizeli, ulinzi na kodi ya ardhi kwa kila mnara, hapo ndipo kijiji hupata mtandao au hukosa.

Ulaya ilipinga kwa nguvu. Televisheni zake zilikuwa zimejaa kwenye bendi hiyo, na ilidai suala hilo halikuwa kwenye ajenda kwa sura hiyo. Baada ya siku nyingi za mabishano, Azimio 232 likapita: mgao unatolewa, ila unaanza kutumika mara baada ya WRC ya 2015, ambayo ndiyo itakayomalizia masharti ya kiufundi. Mwaka 2015 yakamalizwa. Leo bendi ya 700 ni miongoni mwa zile ambazo mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizipiga mnada Tanzania mwaka 2022.

Kwa nini hili lilifaulu? Kwanza, tatizo lilikuwa mahususi na linapimika: bendi fulani, mitandao fulani, nchi fulani. Hakuna aliyeweza kusema Afrika inatia chumvi. Pili, washirika walitafutwa kabla ya mkutano. Afrika na nchi za Kiarabu kwa pamoja ni sehemu kubwa ya Kanda ya 1, na mgao wa Kanda ya 1 hauwezi kuamuliwa kana kwamba hazipo. Tatu, na hili husahaulika, palikuwa na pa kurudi nyuma. Afrika ilikuwa tayari kungoja miaka mitatu ili ipate bendi milele. Mjumbe asiyejua anaweza kuachia nini hawezi kupatana. Anaweza tu kurudia msimamo hadi wengine wachoke naye.

Kuna sehemu ya nne iliyokuja baadaye na isiyoandikwa magazetini. Mpango wa televisheni ya dijitali wa Geneva wa 2006 ulikuwa umepanga stesheni hadi 862 MHz. Kuwapa simu 694 kwenda juu kulimaanisha kuzishusha stesheni zote chini ya hapo, na stesheni ya Mbarara ikihama inaigusa Bukoba, ya Bukoba ikihama inaigusa Mwanza. ATU na ITU zilikaa na nchi za Kusini mwa Sahara duru baada ya duru, zikipanga upya chaneli moja moja, hadi kazi ilipokamilika Nairobi mwaka 2013. Bila duru hizo ushindi wa Geneva ungebaki kwenye karatasi.

Umoja unapovuja

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kupongezana, lakini umoja wetu una nyufa, na afadhali tuzitaje. Misri, Algeria na Sudan ziko kundi la Afrika na pia kundi la Kiarabu. Siku makundi hayo mawili yanapokubaliana, kama 2012, hilo ni neema. Yanapotofautiana, mjumbe wa Cairo ana sahihi pande zote mbili. Tanzania na Kongo ziko Jumuiya ya Afrika Mashariki na pia SADC, jumuiya ya Kusini mwa Afrika, kwa hiyo zinaingia maandalizi ya bara zima zikiwa zimeshakaa kwenye meza mbili ambazo huenda hazikusema jambo moja.

Mwaka huohuo wa 2012, mwezi Desemba, ITU ilikuwa na mkutano mwingine Dubai, wa kupitia upya kanuni za mawasiliano ya kimataifa kwa jumla. Huko kura ilipigwa, jambo lisilo la kawaida, na ilipigwa juu ya maneno yaliyotoka kwa kundi la Afrika: nchi 77 ziliyaunga mkono, 33 zikakataa, 8 zikajizuia. Kwa hesabu tulishinda. Lakini mkutano ukapasuka. Nchi 89 zikatia sahihi na 55 zikakataa au zikaahirisha. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilitia sahihi. Kenya haikutia. Jirani watano waliokuwa wamekaa safu moja walitoka ukumbini wakiwa na nyaraka tofauti mkononi. Ushindi wa kura katika chombo kinachoishi kwa maafikiano hugharimu hivyo.

Na usidhani tofauti hizo ni za usaliti. Ni za maslahi, na maslahi ya jirani zetu kweli hayafanani. Rwanda, nchi ndogo kuliko mikoa mingi ya Tanzania, mwaka 2021 iliwasilisha ITU maombi ya msururu wa satelaiti zaidi ya 327,000. Rwanda na Kenya zilifungua mlango kwa intaneti ya Starlink mwaka 2023. Kongo iliipiga marufuku 2024, kisha ikaipa leseni 2025. Nchi kama hizo zinapoketi Kigali kuandika msimamo mmoja kuhusu satelaiti, kazi ya kwanza ni kukubali waziwazi wapi zinatofautiana. Msimamo unaofunika tofauti hizo kwa maneno laini utafumuka Shanghai, mbele ya watu wanaosubiri ufumuke.

Hesabu za nani?

Liko jambo jingine ambalo kwenye vikao vya maandalizi kila mtu analijua na wachache hulisema kwa sauti. Mikutano ya maandalizi ya kanda haihudhuriwi na serikali peke yake. Kampuni za simu, watengenezaji wa vifaa, wenye satelaiti na wenye Wi-Fi wote wako ukumbini, wana wataalamu wazuri, na wanakuja na tafiti zilizokamilika. Si kosa. ITU yenyewe ina wanachama wa sekta binafsi, na mhandisi wa kampuni mara nyingi anajua bendi fulani kuliko mtu yeyote wizarani.

Tatizo huanza pale utafiti pekee ulioko mezani unapokuwa wa mwenye maslahi. WRC ya Dubai ya 2023 ilipojadili bendi ya juu ya 6 GHz, walioitaka kwa simu walikuja na mahesabu, walioitaka kwa Wi-Fi walikuja na mahesabu, na wenye satelaiti zinazopokea mawimbi kutoka ardhini kwenye bendi hiyo walikuja na yao. Mwishowe Kanda ya 1 ikaielekeza 6425 hadi 7125 MHz kwa simu, huku matumizi ya Wi-Fi yakitambuliwa. Sibishani na matokeo. Ninachouliza ni kama mamlaka za kwetu zilikuwa na tafiti zao za kuweka pembeni ya zile tatu, hata kama ni ndogo, hata kama ni za nchi mbili tu. Anayekopa hesabu hukopa na jibu.

Na muda nao haumsubiri mtu. Mara WRC inapofungwa, kikao cha kwanza cha maandalizi hugawa maswali ya mkutano ujao kwa vikundi vya wataalamu vya ITU. Vikundi hivyo hufanya kazi miaka mitatu. Takriban nusu mwaka kabla ya mkutano, kikao cha pili hutoa ripoti kubwa inayoweka kwa kila ajenda njia mbadala: Njia A, Njia B, Njia C. Kundi la kanda kisha huchagua njia. Nchi isiyokuwapo kwenye vikundi vya wataalamu hufika na kukuta chungu kimeshaepuliwa; kilichobaki ni kusema utakula kwenye sahani ipi. Kila ninaposikia wizara imeunda kamati ya dharura miezi mitatu kabla ya safari, najua kamati hiyo inakwenda kuchagua kati ya mawazo ya wengine.

Shanghai inatuhusu wapi

Nitataja mambo matatu tu kati ya ajenda nyingi za 2027.

La kwanza ni ajenda 1.7, inayotafuta bendi mpya za simu. Kwa Kanda ya 1 zinazochunguzwa ni 4400 hadi 4800 MHz, 7125 hadi 7250 MHz, 7750 hadi 8400 MHz, na 14.8 hadi 15.35 GHz. Msomaji anaweza kudhani hizo ni habari njema tupu: bendi zaidi, intaneti zaidi. Lakini panda juu ya mnara wowote wa simu ulio mbali na mkongo, kule Kigoma, Turkana au Karamoja, utaona yale masahani ya duara yaliyofungwa pembeni. Ndiyo yanayobeba trafiki yote ya mnara kwenda mnara wa jirani, na mengi hutumia bendi za 7, 8 na 15 GHz na zile za 7 na 8 huvuka umbali mrefu hata mvua ikinyesha. Kwa hiyo kampuni inayoomba bendi mpya kwa ajili ya mjini huenda ndiyo inayoitegemea bendi hiyohiyo kuifikisha huduma kijijini. Nani atabeba gharama ya kuhamisha viungo hivyo, na kwenda wapi? Swali hilo halijibiki Geneva wala Shanghai. Linajibika Dodoma, Nairobi na Kampala, kwa kufungua daftari la leseni na kuhesabu viungo vilivyopo, urefu wake na umri wa vifaa vyake. Hakuna kampuni ya nje itakayokuja kutuhesabia hayo bila kuwa na jibu lake mfukoni.

La pili ni ajenda 1.13, ya satelaiti kuzungumza moja kwa moja na simu ya kawaida mkononi, kwenye bendi zilezile za simu kati ya 694 MHz na 2.7 GHz. Kwa mvuvi wa Ziwa Tanganyika aliye nje ya upeo wa minara, hii inaweza kuwa tofauti ya kuokolewa na kupotea. Lakini mwale wa satelaiti hausimami kwenye kizuizi cha Namanga. Ikiwa Kenya imeipa kampuni ruhusa na Tanzania haijatoa, au bendi hiyohiyo upande wa pili ina mwenyewe aliyeinunua kwa mnada, nani apishe, na kwa kipimo gani cha nguvu ya mawimbi mpakani? Hapa Afrika Mashariki tuna faida ambayo hatujaitumia: tunajua kero za mipakani kuliko wengi, na tayari kuna utaratibu wa Kiafrika wa kukokotoa mwingiliano wa masafa kati ya jirani, unaoitwa HCM4A. Pendekezo lenye kipimo kilichotoka kwenye mipaka yetu wenyewe lingekuwa gumu kulibeza.

La tatu ni ajenda 1.5, kuhusu kuzuia vituo vya ardhini vya satelaiti kutumika ndani ya nchi ambayo haijaviruhusu. Kwa nchi ambayo masahani ya magendo yameingia kabla ya leseni, hili ni suala la mamlaka yake kuheshimiwa. Kwa nchi ambayo wananchi wake wameachwa bila huduma, kuzuia tu ni nusu ya jibu. Ndiyo maana pendekezo la pamoja hapa halina budi kuandikwa na pande zote mbili zikiwa mezani, walioruhusu na waliokataa, na lisiishie kwenye neno la kulaani. Liseme mwenye satelaiti anatakiwa kufanya nini akipewa taarifa, ndani ya muda gani, na asipofanya nini kifuate.

Kifanyike nini

Yote haya yanawezekana kabla ya Oktoba 2027, na hayahitaji fedha za miujiza. Kamati ya kitaifa ya maandalizi iwe na watumiaji wote wa masafa, si mamlaka ya mawasiliano na kampuni za simu tu: hali ya hewa, usafiri wa anga, bandari, jeshi, watangazaji. Mgongano kati ya rada ya hali ya hewa na mtandao wa simu umalizwe nyumbani. Ukiachwa, utamalizwa na wageni. EACO ichague ajenda mbili au tatu ambazo kanda yetu itaziongoza ndani ya ATU, na izigharamie kwa tafiti zake, badala ya kutawanyika kwenye zote. Mratibu akiteuliwa, bajeti yake ifike hadi siku ya mwisho ya mkutano, maana anayerudi wiki ya tatu amewaachia wengine waraka wa waridi. Na kila pendekezo liwe na ukurasa wa pili, wa siri kama ikibidi, unaosema tukishindwa hili tutakubali lipi.

Kisha ukaguzi. Wabunge wa Dodoma, Nairobi, Kampala na Kinshasa huuliza maswali ya kina kuhusu bei ya vifurushi, lakini mara chache huuliza nchi ilitia sahihi nini WRC na kwa nini. Mapendekezo ya makundi ya kanda huwekwa wazi na ITU kabla ya mkutano, na Hati za Mwisho huchapishwa baadaye. Mbunge au mwandishi wa habari anaweza kuweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, tuliyoomba na tuliyopata, na kuiuliza mamlaka ieleze tofauti kifungu kwa kifungu. Swali hilo likiwa la kawaida bungeni, maandalizi ya mkutano utakaofuata yataanza siku wajumbe wa Shanghai watakaporudi.